Kipimo Kilichonyamaza

2 Machi

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba programu imeharibika pale inapogoma. Inapogoma imekufanyia hisani, kwa sababu imekuambia ina shida, nawe utaita fundi. Ya kuogopwa ni ile inayoendelea kufanya kazi kwa uso mkunjufu huku haijui inachosema. Nimeishi na mashine hizi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na somo hili nalirudia kila nikipata wa kunisikiliza. Leo sikupata mtu, kwa hiyo nimefungua shajara.

Jana alinitembelea Kinanda. Jina hilo tulimpa alipokuja kwetu kujifunza kazi, kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia kwenye kibodi kama anapiga kinanda cha ibada. Sasa ni mama mtu mzima, anaongoza waandishi wa programu katika kampuni iliyopewa na baraza la mji kazi ya kujenga upya mfumo wa tahadhari ya mafuriko. Mfumo wa zamani tuliuandika sisi, na wengi wa hao "sisi" wameshatangulia mbele ya haki. Kinanda anataka niende ofisini kwao hadi masika yaishe, niwaeleze kila mstari ulikuwa na maana gani. Nilimwambia nimekula chumvi nyingi, huenda nimesahau. Akasema, "Mwalimu, wewe hujasahau hata nilivyokosea wiki yangu ya kwanza." Kweli sijasahau.

Kazi ya mfumo ni rahisi kueleza. Kwenye daraja la juu kuna kipimo kinachopima kina cha mto na kutuma jibu mjini usiku na mchana. Kina kikipita alama ya hatari, king'ora kinalia Bondeni, mtaa ulioko ukingoni, ili watu wapande juu kabla maji hayajafika. Mdogo wangu anaishi Bondeni na wajukuu zake wawili. Kila masika namwomba ahamie kwangu, na kila masika ananiuliza kama nina nafasi ya mbuzi wake pia.

5 Machi

Ofisi yao ni ya vioo vitupu. Kila mtu amevaa vipokea sauti masikioni, na anayetaka kumwuliza jirani yake neno anamwandikia ujumbe kwenye kompyuta, ingawa viwiko vyao vinagusana. Viti ni mifuko mikubwa laini. Nilikaa kwenye kimoja, na ilibidi watu wawili wanivute kunitoa. Kufikia saa ya chai nilikuwa nimepewa jina: Bi Mkubwa. Nimelipokea. Nilimwuliza Kinanda mke mdogo ni nani, akanionyesha kompyuta mpya iliyonunuliwa juzi.

Meneja alinikaribisha kwa mikono miwili. Viatu vyeupe, meno meupe, maneno mengi. Alisema bidhaa yao itakuwa "safi, tulivu na ya kuaminika." Nilimwangalia nikajisemea, huyu ni mtu wa kupaka rangi nyumba ambayo hajakagua msingi.

Nilipotoka nilikumbuka Chumba Baridi. Mashine yetu ya kwanza ilikuwa kubwa kama kabati la nguo na haikuvumilia joto, kwa hiyo nje watu walichomwa na jua la kiangazi na ndani sisi tulivaa masweta. Chupa ya chai ilikuwa marufuku kuvuka mlango. Tulitoka mmoja mmoja kunywa ukumbini, miwani ikiingiwa na ukungu kwa lile joto la ghafla, na mtu akirudi tulimjua kwa harufu ya tangawizi.

9 Machi

Manyunyu. Kompyuta imekataa neno langu la siri tena, nami nimekataa kukasirika.

13 Machi

Leo niliwasimulia kuhusu usomaji. Katika Chumba Baridi hakuna programu iliyotoka kabla ya kusomwa kwa sauti. Asomaye hakuwa yule aliyeiandika. Mwandishi alikaa mbele ya msomaji, mikono juu ya meza, mdomo umefungwa, na haruhusiwi kueleza neno. Msomaji akikwama au akiuliza, mwandishi hajibu. Anaandika upya. Mkuu wetu, ambaye tulimwita Subiri Kwanza kwa sababu ndilo jibu alilompa kila mtu kwa kila jambo, alisema kwamba siku kazi yako itakapohitajika kweli, wewe hutakuwepo kuieleza, basi izoee kusimama bila wewe.

Ilikuwa mateso. Unasikia kosa lako likitoka kwenye kinywa cha mwenzako, na huwezi hata kukohoa. Nilimwona mtu mzima, baba wa watoto, akiuma leso. Lakini tuliporudi nyumbani tulilala usingizi mnono.

Waandishi wa hapa walicheka kwa adabu. Mmoja wao, mwanamume mpole wanayemwita Miwani, aliuliza ilichukua muda gani kumaliza programu nzima. Nilipomjibu, aliondoa miwani akaifuta, kama kwamba jibu lilikuwa limeichafua.

19 Machi

Nimemtembelea mdogo wangu. Mvua imeanza kuwa mvua. Mto bado ni mpole, rangi ya chai ya maziwa.

Nilimkuta akimfunga mbuzi. Nikaanza hadithi yangu ya kuhama, akanikata. Alisema tatizo lake si mto, tatizo lake ni king'ora chetu. Kinalia ovyo. Mwaka jana kililia kwenye harusi, kikalia kwenye mazishi, na mara moja kililia jua likiwaka kiasi kwamba watu walitoka na miavuli kujikinga jua wakaketi kukitazama. "Dada," alisema, "kelele zake zimezidi za mke mwenza. Siku hizi kikilia, mimi naongeza sauti ya redio."

Hilo lilinichoma. Nilipofika nyumbani nilikaa nikalifikiria hadi nikaelewa.

Zamani mfumo ulipokosa jibu la kipimo, haukukimbilia king'ora. Ulipiga simu ya mlinzi wa zamu, naye akapanda hadi darajani kuutazama mto kwa macho yake. Mlinzi asipopokea ndipo king'ora kililia, kwa kuwa tuliona heri kusumbua watu kuliko kuwazika. Baadaye baraza likamstaafisha mlinzi na halikuajiri mwingine. Simu ikabaki ikilia katika chumba kitupu. Kwa hiyo kila waya unapolegea au umeme unapokatika darajani, kipimo kinanyamaza, simu haipokelewi, na king'ora kinalia Bondeni. Programu haikubadilika hata herufi. Aliyeondolewa ni mtu.

20 Machi

Nimemweleza Kinanda habari ya mlinzi. Alisema wanajua, na mfumo mpya "umelishughulikia." Alilisema huku akiangalia skrini.

27 Machi

Nitaandika kwa kirefu.

Kinanda alikubali tufanye usomaji, sehemu moja tu, ile inayopokea majibu ya kipimo. Nadhani alitaka kunifurahisha kabla sijaondoka. Aliiandika mwenyewe, kwa hiyo alikaa kimya mikono mezani, na Miwani akasoma. Wengine walisimama kando na vikombe vyao kama watu wanaotazama mchezo wa jadi.

Msimbo wake ni mzuri. Nasema hivyo bila kumpendelea. Mistari mifupi, majina yanayoeleweka, hakuna maringo. Miwani alisoma kwa sauti ya mtangazaji, na nilikuwa nimeanza kuona fahari ya mwalimu, hadi akafika mahali ambapo maana yake kwa lugha ya kawaida ni hii: kipimo kisipojibu, chukua jibu la mwisho kilichowahi kutoa, endelea nalo.

Miwani alipita kama anavuka kizingiti cha nyumba yake. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikauliza, "Endelea nalo hadi lini?"

Aliangalia karatasi. Akageuza. Akarudi nyuma. "Haijasema," alijibu.

Basi kipimo kikitoa jibu zuri asubuhi, kisha kikafa, mfumo utaendelea kutuambia habari za asubuhi ile mchana kutwa, na kesho, na keshokutwa, na skrini itabaki kijani. Maiti itaendelea kutoa salamu.

Nilimtazama Kinanda, nikingoja ule mshtuko ninaoujua, wa mtu anayesikia kosa lake kwa mara ya kwanza. Sikuuona. Alikuwa ameinamisha macho, na vidole vyake, ambavyo sijawahi kuviona vimetulia, vilikuwa vimetulia. Nilielewa kwamba mstari ule haukumponyoka. Aliuandika akijua.

Wengine walipotawanyika nilimfuata kwenye ngazi. Hakuhitaji kuulizwa. Alinieleza kwamba Meneja alichoshwa na mapengo kwenye skrini na malalamiko ya king'ora cha uongo, akaagiza mapengo yazibwe. Yeye alipinga kikaoni, akaambiwa ataje njia nyingine isiyohitaji kuajiri mtu. Hakuwa nayo. Tarehe ya kukabidhi ilikuwa imekaribia, akaziba.

"Nilijiambia kipimo kipya hakitakufa," alisema. "Ndivyo nilivyojiambia, Mwalimu."

Nilikuwa nimemleta mtu huyu katika kazi hii. Nimempenda kama binti. Nilitamani kumkaripia na nilitamani kumshika mkono, na sikufanya lolote kati ya hayo. Tulisimama tu kwenye ngazi, mvua ikipiga kioo.

28 Machi

Mvua kutwa. Sikwenda kazini. Nimepanga vyombo ambavyo vilikuwa vimepangika.

4 Aprili

Nimezungumza na Meneja. Niliingia nikiwa nimejiandaa kupigana na viatu vyeupe, nikatoka na mtu.

Nilipotaja mstari ule alifunga mlango. Aliniambia alizaliwa Bondeni, na mama yake bado anaishi kule, nyumba chache kutoka kwa mdogo wangu. Mwaka juzi king'ora kililia alfajiri. Mama alikurupuka, akakimbilia ngazi za kupandia juu, akateleza, akavunjika nyonga. Hakukuwa na mafuriko. Mto ulikuwa umelala. Waya ulilegea, basi. Tangu siku hiyo mama hatembei bila kushikwa.

"Mama," aliniambia, "wewe unaogopa king'ora kitakaponyamaza. Mimi namwangalia mama yangu kila Jumapili, naogopa kitakapolia."

 Nilimwambia tu kwamba hofu yake ni ya kweli, ila dawa aliyochagua inaua. Akasema nimletee dawa nyingine.

Usiku huu nawaza kwamba kwa mwezi mzima nilimhukumu kwa viatu. Alikagua msingi kuliko mimi. Kilichomshinda ni kuuona ukuta wa upande wa pili.

7 Aprili

Mdogo wangu amepiga simu kuniambia mbuzi amezaa. Mapacha. Sasa nafasi inayohitajika kwangu imeongezeka, asema.

10 Aprili

Tumepanda darajani, mimi, Kinanda na Meneja. Nililiomba hilo mwenyewe. Mfumo mpya unafanyiwa majaribio kando ya ule wa zamani, kila mmoja na kipimo chake, kwa hiyo hakukuwa na hatari.

Mto ulikuwa umejaa, unabeba matawi na povu. Kwenye nguzo ya daraja kuna mistari ya rangi tuliyoichora wakati ule, imefifia lakini inasomeka. Nilimwomba Kinanda auchomoe waya wa kipimo kipya. Akauchomoa. Meneja akatoa simu yake, ambayo inaonyesha skrini ileile ya ofisini. Tukangoja chini ya mwavuli mmoja, tumebanana kama ndugu wa maskini.

Maji yalipanda mstari mmoja kwenye nguzo. Simu ikasema kina ni kilekile, kijani. Yakapanda tena, yakalamba mstari wa pili. Kijani. Meneja aliangalia simu, akaangalia mto, akaangalia simu.  Mwishowe aliirudisha mfukoni polepole, kama mtu anayeficha kitu kisicho chake.

Njiani kurudi aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kweli, mfumo ufanye nini basi. Usipolia, watu watazama. Ukilia, watavunjika nyonga, na hatimaye watafungulia redio.

Nikamweleza Subiri Kwanza alivyotuanzishia kazi. Wengine hufundishwa kwanza kuiamuru mashine iseme "habari." Sisi alitufundisha kuiamuru iseme "sijui." Tulicheka. Akatuambia mashine hujibu chochote ukiilazimisha, kama mtoto anayeogopa kiboko, kwa hiyo uiruhusu mapema kukiri.

"Kwa hiyo iseme haijui," Meneja alisema. "Nani atanunua mashine inayosema haijui?"

Ni Kinanda aliyejibu, na hakuwa anamjibu yeye. Alikuwa anafikiri kwa sauti. Alisema Bondeni imejaa watu wenye macho na simu. Baraza limemwondoa mlinzi mmoja, lakini mtaa mzima unakaa mita chache kutoka mtoni. Kipimo kikinyamaza, king'ora kikae kimya, na simu zao zilie: kipimo hakisemi, hatujui kina cha mto, tokeni mkautazame. Bila kukurupuka. Watembee tu, watazame.

Nilihisi ile furaha ya zamani ya Chumba Baridi, mtu anapolifumbua jambo na chumba kizima kikatulia.

Meneja alisema ni wazo zuri, na litaingia kwenye sasisho la baada ya masika.

11 Aprili

Mvua. Baada ya masika, asema. Mgonjwa atibiwe baada ya mazishi.

18 Aprili

Mkutano wa baraza. Ukumbi ulivuja, tuliketi tukikwepa ndoo.

Walitaka neno langu. Baraza lilikuwa limeamua kwamba mfumo wa zamani usizimwe hadi mmoja wa waandishi wake aseme mpya unatosha, na mwandishi aliyebaki hai mwenye miguu ya kufika ni mimi. Kabla ya kuingia Meneja aliniambia, bila kutisha, kwamba nikikataa kampuni itanyang'anywa kazi na wa kwanza kuondoka atakuwa Kinanda, kwa sababu sehemu ile ni yake. Alikuwa anasema kweli. Nilijua pia kwamba nikikubali, mdogo wangu na wajukuu watalala chini ya skrini ya kijani.

Mwenyekiti aliuliza kama mpya ni sawa na wa zamani. Nikasema ni bora mara nyingi, ila kipimo kikinyamaza utawapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Pakawa na minong'ono. Mwenyekiti akauliza kosa hilo ni la nani.

Nilifungua kinywa nimkinge. Nakiri nilikuwa tayari kulizungusha, kusema ni la wote, ni la mazingira, yale maneno ya kikao. Kinanda alisimama kabla yangu.

"Mstari ule niliuandika mimi," alisema. "Nilijua utafanya nini. Nipeni siku mbili niuondoe, kisha mnifukuze kama mnataka."

Mwenyekiti alimtazama Meneja. Meneja alikuwa ametazama ndoo. Tone likaanguka, na jingine. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua kuwa ni yake, kwamba agizo lilikuwa lake na siku mbili zinatosha.

Sijui nimekaa vikao vingapi maishani. Sikumbuki kingine ambacho watu wawili waligombania lawama.

20 Aprili

Tumesoma. Kinanda alikaa mikono mezani. Miwani alikuwa na mafua, sauti imekwenda, na kabla sijajitolea Meneja alivuta kiti cha msomaji. Hajui kuandika programu. Alisoma kama mtu anayesoma barua ya lugha ya jirani, akiuliza kila baada ya hatua, na Kinanda, asiyeruhusiwa kujibu, aliandika upya kila mahali alipokwama. Ilichukua siku nzima. Vipokea sauti vilikuwa mezani, na kwa mara ya kwanza tangu nifike niliisikia ofisi ile ikiwa na watu.

Sauti ya ujumbe wa simu ni ya Kinanda mwenyewe. Ameirekodi mara nyingi hadi ikatoka bila woga na bila utamu.

22 Aprili

Mfumo wa zamani umezimwa mchana. Nilibofya mimi. Sikulia, ingawa Miwani alikuwa ameshaniletea leso.

26 Aprili

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilijifunza methali hii shuleni na leo nimeisikia.

Mvua ilikuwa imepiga mfululizo. Baada ya chakula cha mchana tulikuwa ofisini, kina cha mto kikipanda kwenye skrini lakini bado chini ya alama. Kisha kile kisanduku cha kipimo kikageuka kijivu, na ndani yake neno moja: Sijui.

Watu walisimama. Kumbe gogo kubwa lilikuwa limeshuka na mto likang'oa kipimo pamoja na chuma kilichokishikilia, ila hilo tulilijua baadaye. Wakati ule hatukujua chochote, na mfumo ulikuwa umefanya yote tuliyoutuma. Simu za Bondeni zilikuwa zinalia. Nilimpigia mdogo wangu. Hakupokea. Meneja alimpigia mama yake. Hakupokea. Alijaribu tena, akachukua funguo, akatoka mbio kwa viatu vyake vyeupe, na tukabaki tukitazama kile kisanduku.

Sijawahi kulichukia neno kama nilivyolichukia lile. Nilitaka mashine inidanganye. Naandika hili ili nisilisahau: katika saa ile, ningepewa nichague, ningeomba kijani. Nikamwelewa kila aliyewahi kuziba pengo.

Kinanda alikuja akakaa sakafuni kando ya kiti changu. 

Mdogo wangu alipiga jioni, analalamika, na malalamiko yake yalikuwa matamu kuliko nyimbo. Alisema simu yake ililia, akamsikia "yule mwanafunzi wako anasema eti hajui." Akacheka. Akamwambia jirani, hawa nao sasa wanatuuliza sisi. Lakini kwa kuwa halikuwa king'ora na hakuna aliyeamriwa kukimbia, watu walitoka kwa udadisi tu, wamejifunika magunia na mabeseni vichwani, wakaenda hadi kwenye ukuta wa ukingoni kuutazama mto. Na mto ulikuwa umeshafika ukutani. Hakuna aliyebishana tena. Waligonga masufuria nyumba hadi nyumba. Mama yake Meneja walimbeba na kiti chake, wanaume wanne, naye akiwaamuru njia nzima wasimtikise. Meneja aliwakuta katikati ya ngazi akashika mguu mmoja wa kiti.

Maji yalipita kifuani mwa mtu ndani ya nyumba ya mdogo wangu. Hakufa mtu Bondeni.

"Simu nimeiacha ndani," alisema, "hii ni ya mwalimu wa watoto. Na dada, nafasi ya mbuzi ipo?"

27 Aprili

Mbuzi watatu jikoni kwangu. Wajukuu wamelala kwenye kochi, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule.

9 Mei

Mvua inapungua. Matope Bondeni yananuka, watu wanachota kwa makoleo. Kinanda na Miwani walikuja kusaidia nyumba ya mdogo wangu. Kinanda anachota vibaya, lakini haachi.

17 Mei

Wenye kampuni, ambao hatujawahi kuwaona, wamefurahi. Wanataka kuuza mfumo katika miji mingine. Wameomba badiliko moja dogo: neno "Sijui" linaondoa imani ya mteja, liwekwe "Taarifa zinasubiriwa."

Kinanda amekataa, na ameandika kukataa kwake. Huenda kitampata cha kumpata. Nilitarajia Meneja anyamaze. Badala yake amewaandikia kwamba waje wao wenyewe, wapande ngazi za Bondeni, wamsomee mama yake maneno yote mawili, na atakalolichagua mama ndilo litakalouzwa. Bado hawajajibu. Neno lipo pale pale.

28 Mei

Masika yamekwisha. Leo nimeaga ofisini. Nilikaa tena kwenye ule mfuko, makusudi, ili wanivute.

Mdogo wangu amerudi kwake na mbuzi wake. Nyumba yangu imekuwa pana kupita kiasi.

Msimu mzima nimekikumbuka Chumba Baridi na kudhani nakumbuka ujana wangu. Labda. Lakini ninapofumba macho, kinachonirudia ni nyuso za wenzangu waliolala, zikinitazama kutoka upande wa pili wa meza, wakisoma nilichoandika na wakikataa kupita pale wasipoelewa. Walinipenda kwa namna hiyo. Wakati ule niliona wananikera. Nimefurahi kwamba Kinanda atakuwa na wa kumkera.

Mashine si adui na wala si rafiki. Hurudia tulichoiruhusu kusema, na sisi ndio tunaopenda sana kuambiwa mambo ni shwari. Anayejenga anajua hivyo. Anayenunua anapaswa kujua. Unayesoma hapa, wewe nawe una kitu unachokiamini kwa sababu tu hakijawahi kukulalamikia: kengele ya moshi jikoni, nakala za picha zako, kifaa kinachomkumbusha baba dawa.

Leo, kabla jua halijazama, chagua kimoja, kichomoe waya kwa mkono wako mwenyewe, kisha kaa kitako ungoje uone nani ataambiwa kwamba kimenyamaza.